Tulipokuwa Tukizoea Baridi ya Kanada

Wiki iliyopita nilitoka kwenye usaili wa kazi nikiwa na hakika kwamba nimejibu vibaya swali la kwanza, na kwa kulifikiria nikaachwa na basi. Nikatembea. Unajua miguu ilivyo: ilinipeleka mtaa wa Saint-Josse, mpaka chini ya nyumba tuliyokaa mimi na mama miaka ya tisini. Dirisha letu la ghorofa ya pili lilikuwa limefungwa, kioo kimejaa mvuke wa chakula cha watu wengine. Enzi zetu, rafiki yangu, dirisha lile lilikuwa wazi hata mwezi wa kwanza, katikati ya baridi.

Lilikuwa wazi kwa sababu ya Kanada.

Tulikuwa tumetoka Bukavu. Mdogo wake mama, mjomba niliyemwita tonton, alikuwa ametangulia Kanada, na sisi tulikuwa Brussels tukingoja karatasi za kumfuata. "Huku tuko passage tu, tunapita," mama alisema kila nilipoomba kitu. Meza? Tutanunua kule. Mapazia? Kule. Tulikula fufu na sombe ya majani ya muhogo juu ya sanduku la safari, magoti yakigusana. Na ili baridi ya kule isije ikatumaliza, tulijizoeza. "Baridi ya huku ni ya batoto," alisema akifungua dirisha, nasi tukakaa na makoti yetu huku mvua ya Brussels, ile nyembamba isiyokwisha na isiyokubali kuwa theluji, ikilowesha sakafu.

Siku moja jirani wa chini, mama Mwislamu kutoka Bujumbura, alipanda na sahani ya sambusa, akasimama mlangoni akishangaa.

"Eh, mama! Unapashia joto njia yote ya Saint-Josse?"

"Tunajizoeza, dada."

"Bon. Mkijizoeza hivi mtafika Kanada mkiwa samaki wa friji."

Alicheka peke yake. Sambusa zilipoa kabla sijamaliza ya kwanza.

Jumapili, baada ya misa, tonton alipiga simu. Mama na mimi tulibanana shavu kwa shavu kwenye mkono mmoja wa simu. Alituambia theluji inafika dirishani, magari yanachomekwa kwenye umeme usiku ili asubuhi yakubali kuwaka, na watoto wanapanga viatu vyao vya theluji mlangoni mwa darasa. Nilichopenda zaidi ni habari za jirani yake. Asubuhi jirani huyo anatoka na sepeto, anaondoa theluji mbele ya mlango wako kabla hata hajakujua jina. Jumamosi mtaa mzima unakutana katika ukumbi wa chini ya kanisa, kila nyumba na sufuria yake, watu wanaonjeshana. Nililala nikipanga nitakaa karibu na nani.

Shuleni sikukaa karibu na mtu. "Usishikamane na batoto ba huku, utalia ku aéroport siku ya kupanda ndege," mama alinionya, nami nilitii kuliko alivyotaka. Wakati wa mapumziko nilisimama ukutani. Ila msichana wa benchi langu, Mturuki aliyelelewa na bibi yake, hakuwa na habari na sheria zetu. Alinimiminia mbegu za alizeti kiganjani. Akanialika kwao siku yake ya kuzaliwa.

"Ninakwenda Kanada," nilimwambia.

"Leo?"

"Hapana."

"Basi njoo."

Sikwenda. Nilimfikiria mchana kutwa, nikisikia kengele ya tramu kila ilipopita.

Mwezi wa sita tonton alisema karatasi ziko karibu, na mama akamwambia mwalimu. Mwalimu akaniaga mbele ya darasa. Watoto waliimba, na msichana wa benchi langu akanipa kofia ya sufu nyekundu aliyoifuma bibi yake, "ya kule." Alinyoosha mikono anikumbatie. Nilimpa mkono mmoja, kama mtu mzima, nikiogopa kulia.

Mwezi wa saba simu ililia siku isiyo Jumapili.

"Yaya," tonton alisema, kama alivyomwita dada yake mkubwa siku zote, "balikatala karatasi zenu."

"Bon," mama alijibu. Akaweka simu, akaenda akafunga dirisha, siku ya jua.

Septemba nilirudi darasa lilelile. "Tazameni, Kanada imerudi!" walipiga kelele kwa Kifaransa, na jina likanikaa mpaka namaliza shule ya msingi. Kwenye benchi langu alikuwa ameketi mwingine. Msichana wa kofia alinitazama, akauliza, "Sasa utairudisha kofia?"

Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania. Nimeligeuza swali lile pande zote. Labda alitaka nicheke, labda ningecheka angesogea. Kesho yake niliileta, nikaiweka juu ya meza yake. Hakuigusa. Ilikaa pale hadi mwalimu alipoitia kwenye sanduku la vitu vilivyopotea.

Mwezi huohuo mama alinunua meza sokoni, na viti vinne. Jirani wa Bujumbura alitusaidia kuipandisha, akaipigapiga kwa kiganja. "Haya. Sasa mumefika," akasema. Tulikula tukitazamana, viti viwili vikiwa vitupu. Magoti yetu hayakugusana tena.

Miaka mingi baadaye tonton alikuja kututembelea. Mama akampakulia, akamuuliza habari za yule jirani wa sepeto. Tonton alimega fufu.

"Ule voisin? Nilikuwa namuona ku dirisha. Benyewe walikuwa wanasaidiana, wanacheka. Miye nilikuwa juu."

"Na chakula cha Jumamosi?"

"Nilikuwa nasikia harufu, Yaya."

Mama alimwongezea sombe.

Jirani wa Bujumbura alihamia Laeken, na simu za Jumapili sasa ni za presha na magoti. Nina binamu kule, waliozaliwa baadaye. Nikiwauliza juu ya mtaa wao wananiambia ni mtaa tu. Sijawahi kufika. Lakini Jumamosi zile za chini ya kanisa nazijua vizuri kuliko siku yoyote niliyoishi kweli katika utoto wangu. Najua sufuria ipi ilikuwa ya nani. Na nikiketi pale, katika mawazo, ninayemwekea nafasi pembeni yangu ni msichana mmoja wa Saint-Josse, ambaye hakuwa anakwenda popote.