Jembe Lililobaki Uwanjani

Sisi tuliokulia Sumbawanga tukiwa na masweta yaliyotoboka viwiko tunaijua baridi ya mwezi wa saba. Uliamka, ukanawa uso tu, ukanywa uji wa ulezi huku umekibana kikombe cha bati kwa viganja viwili, si kwa njaa bali kwa kutafuta joto, kisha ukakimbilia mchakamchaka na ufagio kwapani. Jioni tulicheza rede na kombolela mpaka mama zetu walipoita, na ukiitwa mara ya pili ulijua mambo yameharibika. Mvua za kwanza zikinyesha tuliokota kumbikumbi, tukawakaanga bila mafuta, tukaenda nao shuleni mfukoni. Simu zilikuwa za wakubwa, tena za kupigia tu. Kama ulitaka kumsema mtu vibaya, ilibidi utoke nyumbani, utembee, umkute mwenzako, ndipo umseme.

Na hakuna kitu tulichokisema kuliko mpira wa chuo.

Chuo chenyewe sitakitaja jina. Kilikuwa pembeni ya mji, na mtaa wetu ulikizunguka kama watu waliozunguka moto. Wanachuo walitoka mbali, walikuja na kuondoka, lakini timu ilikuwa yetu. Jumamosi ya mechi hata mashine ya kusaga ilisimama. Watu walitoka misa ya asubuhi, wakala viazi haraka haraka, wakashuka uwanjani na mwamvuli mmoja kwa watu wanne. Wazee waliketi upande wa magharibi ili jua lisiwachome machoni. Sisi watoto tulikaa chini kwenye mteremko, nyasi zikitukuna miguu, tukinuka moshi wa kuni za mikaratusi tangu nywele mpaka soksi.

Kocha wa timu hiyo alikuwa baba yangu.

Waliokuwepo watamkumbuka. Kocha Dominiki, mrefu, mpole, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Hakuwa mwalimu wa darasani. Chuo kilimchukua kwa ajili ya timu na kutunza uwanja, kikampa nyumba ndogo nyuma ya jiko la wanachuo. Humo ndimo nilimozaliwa. Alikuwa na sheria moja tu kubwa, na ndiyo iliyotuponza. Wakati wa masika majani ya uwanja hupanda mpaka magotini, na maji huchimba mashimo golini. Kila Ijumaa wachezaji wote walipaswa kuja na mafyekeo na majembe, wafyeke, wafukie mashimo, kisha wapige mistari kwa majivu ya jikoni. Asiyekuja Ijumaa, hachezi Jumamosi. Baba alikuwa akisema, "Mpira unaanza na majani." Nyumbani tuliusikia msemo huo mpaka Mama akawa anautumia kwenye vyombo: ugali unaanza na sufuria safi.

Sasa mwaka niliokuwa darasa la saba, mwezi wa tatu, timu ya Namanyere ilikuja. Namanyere walikuwa wametufunga mwaka uliotangulia, na mwaka wa nyuma yake pia, kwa hiyo mji mzima ulikuwa na kisasi. Tulikuwa na mshambuliaji mmoja hatari, kijana wa mwaka wa pili, miguu myepesi kama swala. Ijumaa hiyo hakuja kufyeka. Alikwenda mjini kunyoa. Jumamosi Baba akamweka nje na nywele zake mpya. Akakaa pale amejifunika taulo, watu wanamwita kwa jina, Baba anatazama mbele kama kiziwi. Tukafungwa bao moja, tena dakika za mwisho.

Kuanzia jioni hiyo mtaa uligawanyika.

Nilikuwa msichana mwenye aibu, hata salamu niliitoa kwa sauti ya chini, na mtu asiyesema husahaulika. Wakisahau kwamba upo, watu husema yote. Mashineni nimesimama na ndoo ya mahindi, wanawake wanabishana kama kocha aondoke au abaki. Nikienda kununua mafuta ya taa, habari ni hiyo hiyo. Kwa Odilo, fundi baiskeli aliyekuwa na kibanda karibu na lango la chuo, ndipo palipokuwa makao makuu ya wanaomtaka aondoke. Odilo alikuwa na ulimi. Alikuwa akigeuza tairi huku akiuliza watu, "Hivi hii ni timu ya mpira au kikundi cha kulima? Kocha gani anashindana na majani badala ya Namanyere?" Watu wanacheka. Mzee mmoja akamjibu kuwa ukimpa ugali mtoto asiyekwenda shambani, mwakani nyumba nzima mtakula ulimi wa Odilo. Watu wakacheka tena, zaidi. Mimi nilicheka pia, bila kutoa sauti. Kisha Odilo akaniona, nami nilikuwa nimefuata baiskeli ya Baba aliyokuwa akiitengeneza.

"Aa, mtoto wa kocha," akasema. "Shika baiskeli yenu hii. Msalimie mzee, mwambie sasa apumzike."

Nilisema asante. Ndivyo tulivyolelewa: mkubwa akikutupia neno, unalipokea kwa mikono miwili. Nilimfikishia Baba baiskeli, salamu sikuzifikisha.

Mama aliyajua yote kwa sababu alikuwa akiuza mahindi ya kuchemsha uwanjani. Alichokiogopa si kufungwa. Kila jioni aliitazama ile nyumba, ukuta wake, bustani yake ya figiri aliyoikuza kwa maji ya kuoshea vyombo, akasema, "Watu wanacheza mpira na paa letu." Baba alimwambia asihofu, kwa kuwa wanaosema sana ni wachache. Na kwa kweli walikuwa wachache.

Mkuu wa chuo alikuwa mgeni, hata mwaka hakuwa amemaliza. Kelele zilipomchosha akatamka kwamba wapenzi wa timu wenyewe wakae, waamue, naye atafuata watakaloamua. Kazi hiyo akakabidhiwa Mzee Venansi, mwenyekiti wa wapenzi wa timu. Mzee Venansi enzi za chama kimoja aliwahi kusimamia uchaguzi, wakati ule mgombea mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Jambo hilo halikumtoka kichwani. Hata kwenye kamati ya harusi alitaka watu wapige kura kwa jembe na nyumba. Basi akatangaza: Jumapili baada ya misa, wanaotaka kocha abaki wasimame golini kwa upande wa bondeni, ambako litachomekwa jembe. Wanaotaka aondoke wasimame kwenye stoo ya vifaa, ile yenye baraza, hiyo ndiyo nyumba. Kila mtu atahesabiwa aliposimama.

Jembe lenyewe alikuja kuliazima kwetu. Mama alilitoa nyuma ya mlango, akampa.

Jumapili hiyo watu walijaa kama siku ya mechi. Baba aliambiwa asionekane, kwa kuwa si adabu mtu kusemwa akiwa anatazama, akaenda kukaa ndani ya stoo, mlango umerudishwa, anakunja nyavu. Ninyi mtauliza kwa nini alikaa humo wakati wanaomkataa wangesimama barazani pale pale. Ndiyo sehemu pekee aliyokuwa na kazi. Mimi nilikaa na Mama na sufuria la mahindi pembeni ya uwanja.

Watu wakaanza kugawanyika, nami nikaona kwa macho yangu. Golini kwenye jembe walikwenda wengi. Walikwenda wazee, walikwenda wanawake wa mashineni, hata wale waliokuwa wakimsema vibaya walikwenda huku wakitazama chini. Yule mshambuliaji aliyenyolewa naye alikwenda kwenye jembe. Barazani alibaki Odilo na kikundi chake, na vijana wachache. Mama alinibana mkono mpaka ukaniuma. Mkuu wa chuo alikuwa kwenye gari lake barabarani, kioo kimeshushwa, akimsubiri Mzee Venansi amalize.

Mzee Venansi hakuwa mtu wa haraka. Alitaka kwanza watu watulie, wasihamehame. Akapanga mistari. Akawarudisha watoto. Akavua miwani akaifuta. Na sisi watu wa Ufipa tunajua mawingu ya mwezi wa tatu hayamsubiri mtu anayefuta miwani. Upepo ulikuja wa baridi, mara ikapiga mvua ya mawe, mawe makubwa kama karanga, yanauma kichwani. Golini hapakuwa na hata mti. Watu wakakimbia, wote, kuelekea kwenye bati pekee lililokuwepo.

Baraza lilikuwa jembamba. Walibanana, wengine wakabaki nje wamejifunika mikono kichwani. Ndipo mlango wa stoo ukafunguliwa, Baba akasimama hapo na kofia yake.

"Ingieni ndani," akasema. "Ingieni jamani, mtaumia."

Akawavuta wazee mmoja mmoja kwa mikono. Akamvuta Mzee Venansi, akamkalisha juu ya mifuko ya nyavu. Akamvuta hata Odilo. Mimi na Mama tuliingia mwisho, sufuria limejaa barafu juu ya mahindi. Ndani mlinuka majivu na jasho la jezi, watu wanacheka na kutaniana kana kwamba hakukuwa na ugomvi. Odilo alimwambia Baba, "Kocha, leo umepata mashabiki wengi," naye Baba akacheka. Nilifurahi. Niliona yamekwisha.

Mvua ilipopungua kidogo gari la mkuu wa chuo lilisogea mpaka mbele ya stoo. Kioo kikashuka nusu. Akauliza kama wamemaliza, na upande upi umezidi.

Mzee Venansi alitoka mlangoni. Akatazama uwanja, uwanja wote mweupe, na jembe letu peke yake golini.

"Jembeni hakuna mtu, mheshimiwa," akasema.

Watu waliangua kicheko. Kila mtu alidhani ni utani. Baba alicheka pia, mkono wake bado umeshika mlango. Mkuu wa chuo akatazama ule umati barazani, na Baba katikati yake, akaitika kwa kichwa, akapandisha kioo, akaondoka. Mpaka leo sijui kama alielewa vibaya au alielewa vizuri sana.

Jumatatu Baba aliitwa ofisini akarudi bila funguo za stoo.

Nilichokitegemea ni kwamba watu watakwenda kumwambia mkuu wa chuo ukweli. Walikuwa wengi, wamesimama kwenye jembe kwa miguu yao. Lakini huyu alimngoja yule, yule akamngoja mwenyekiti. Mzee Venansi, alipofuatwa na Mama, alisema yeye hakusema uongo, kwamba tangu enzi za chama mtu huhesabiwa aliposimama, na kura hairudiwi kwa sababu ya mvua. Kwenye jumuiya yetu ya kanisa watu walitupa pole nyingi, wakatuletea unga na maharage, wakasali. Hakuna aliyekwenda ofisini. Odilo ndiye pekee aliyekuja nyumbani usiku wa kuamkia siku tuliyohama, akasimama mlangoni anazungusha kofia, akasema, "Kocha, mimi nilitaka uondoke, lakini si hivi." Baba akamkaribisha chai.

Mama alimuuliza Baba kwa nini haendi kujitetea mwenyewe. Akajibu, "Niwaambie nini? Kwamba niliwafungulia mlango kwa makosa?"

Tulihamia Mollo kwa bibi. Trela la trekta lilibeba vitanda, kuku, na figiri za Mama zilizong'olewa na udongo wake, ambazo zilinyauka kabla ya Jumapili. Nilimalizia darasa la saba kwenye shule ambako sikumjua mtu, na majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipobandikwa langu halikuwemo. Sisemi ni mvua ile. Nasema tu kwamba mwaka ule sikusoma, nilikuwa nikijifunza kuishi kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Chuo kikapata kocha mwingine. Aliondoa habari ya kufyeka Ijumaa, akamrudisha mshambuliaji. Namanyere wakawafunga tena. Nilipita pale mwaka jana nikitokea Matai kwenye msiba, nikasimama kidogo. Majani yamefika magotini, na golini bondeni pana shimo ambamo ng'ombe anaweza kulala.

Siku hizi wadogo zetu wanafukuza makocha wakiwa kitandani. Kijana amejilaza, simu juu ya tumbo, anaandika "aondoke huyo mzee" wakati mpira haujafika hata mapumziko, kisha anaomba mama yake amletee chai. Anamfukuza kocha wa Dar, anamfukuza kocha wa Ulaya, na kesho amesahau. Ukimwambia kwamba kocha ana watoto, anakujibu, "Poa tu, mshikaji wangu, ndiyo mpira huo." Hajawahi kumwona kocha usoni. Hajawahi kupigwa na mvua kwa ajili ya timu yoyote.

Na mimi ningependa kusema zamani palikuwa bora, kama wenzangu wanavyosema wanapokumbuka uji na kumbikumbi. Siwezi. Wa siku hizi wanamfukuza mtu wasiyemjua. Wa kwetu walimjua Baba, walijua jina la kila mmoja wetu, wengi wao walikuwa upande wake, na walinyamaza. Tofauti ninayoiona ni kwamba wakati ule waliotufukuza walikuwa wamelowa, na sisi ndio tuliowapa mahali pa kukaukia.

Jembe Baba alilifuata mwenyewe jioni ile ile ya kura, mawe yakiwa bado hayajayeyuka. Alilifuta kwa nyasi, akaliweka begani. Analo mpaka leo, analimia ulezi Mollo. Jumamosi za mechi upepo ukivuma kutoka mjini kelele za uwanja husikika mpaka shambani, naye huacha kulima, akasimama kidogo, kisha akaendelea.