Pikapu Niliyomfunzia Kalondu

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja kule Tawa, miaka ya sabini, nilipomfunza mke wangu Kalondu kuendesha gari. Alikuwa mkunga katika zahanati. Walikuwa wamemwahidi kwamba akipata leseni atakabidhiwa gari la kuwafikia akina mama wanaojifungulia vijijini.

Jirani yetu, mwalimu, alikuwa na gari dogo, kuukuu. Klachi yake ilikuwa nyepesi, na ukiketi unaiona pua yote ya gari. Akaniambia nilichukue. Nikamjibu, "Mwalimu, hicho kigari hata kuku atakipita." Mimi nilikuwa na pikapu kubwa, ile niliyobebea ndengu kutoka Kyuso, na nilitaka watu wa soko wamwone mke wangu ndani yake. Kiburi si maungwana, lakini ujana una masikio mazito.

Kalondu alikalia gunia lililokunjwa ndipo akaona barabara.

"Baba Mutua, mguu haufiki vizuri."

"Utafika. Jivute mbele."

Kwenye mlima karibu na soko injini ikazimika, pikapu ikaanza kurudi nyuma. Breki ilikuwa nzito na mguu wake uliigusa kwa vidole tu. Tukateremka kinyumenyume hadi mtaro wa shamba la watu ukatukamata. Hakuna aliyeumia. Wanawake wa soko walicheka, nami badala ya kunyamaza nikasema wasikie, "Gari si sufuria." Kalondu akashuka, akaniwekea ufunguo mkononi, akaenda nyumbani kwa miguu. Hakushika usukani tena. Gari la zahanati akapewa mwingine, naye akaendelea kutembea milimani kuzalisha watu, mwaka baada ya mwaka, hadi magoti yakakataa.

Baba mkwe hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ukimfunza ndama dume kulima, unamfunga nira na nani?"

"Na ng'ombe mzee, mpole."

"Kumbe unajua," akasema, akanusa tumbaku yake.

Niliomba msamaha na Kalondu akanisamehe, lakini magoti hayaponi kwa msamaha. Majuto ni mjukuu, nami nimemlea hadi nimechoka.

Basi mwanangu, anayejifunza mtafutie gari dogo, jepesi, hata kama rangi imebabuka. Mkalishe kwanza injini ikiwa imezimwa, umwulize kama miguu inafika na macho yanaona mbele. Akisema hafiki, mwamini. Akikosea, funga mdomo, hasa mbele ya watu. Mungu akupe subira niliyoikosa mimi, na kila utakayemfunza afike salama anakokwenda.