Taa Aliyoifukuza Baba Mudogo

Siku batu ba jimbo la Kasai walipofukuzwa mjini kwetu Kolwezi, baba mudogo wangu ndiye aliyepiga kelele kuliko wote: "Muende kwenu!" Kati yao alikuwa jirani yetu, makanika aliyekuwa akitengeneza gari ya baba mudogo. Wiki iliyofuata, ndani ya gari hiyo, taa ya onyo ya ABS ikawaka, yaani breki zingeweza kufunga magurudumu na gari iteleze kwenye matope.

"Mi mwenyewe natengeneza," akajigamba. Akang'oa gurudumu uani, akatoa kidude kinachopima mwendo wake, akaleta kingine cha gari tofauti kabisa. Kikakataa kuingia kwenye tundu. Akakigonga nyundo, kikapasuka, na taa ikaendelea kuwaka. Basi baba mudogo, fundi wetu mkubwa, akafungua dashibodi, akang'oa balbu ya taa hiyo.

"Iko bien, iko muzuri!" akamwambia mama. "Shemeji, ingia, nikupeleke kule Nzilo."

Mvua ilikuwa imeanza, na mama alishabeba kikapu chake.

"Baba mudogo," nikamwuliza, "hata taa umeifukuza? Nayo ni ya Kasai?"

"Nyamaza, wewe mwenye kinywa kirefu!"

Mama akanitazama, akautazama mteremko wa matope kwenye njia ya Nzilo, akashusha kikapu.

Baba mudogo akaondoka peke yake, akipiga honi. Alirudi jioni kwa miguu, matope mpaka kiunoni, akasema gari imebaki mtaroni, inapumzika.