Wadudu Kwenye Pijo la Mwalimu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hucheka peke yangu, ingawa siku yenyewe nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimetoka Mbeya kujifunza kupaka rangi magari kwa miezi mitatu, na nikajiona nimemaliza elimu yote ya dunia. Miezi mitatu, mwanangu! Hata mpunga hauivi kwa muda huo.

Baba yangu alikuwa mwalimu, na hata sisi watoto wake tulimwita Mwalimu. Alikuwa na gari la zamani, Pijo, alilolinunua kabla sijazaliwa, la rangi ya maziwa, ingawa miaka ilikuwa imelifanya lifanane na jino la mvuta tumbaku. Tangu mdogo wangu Tumpe akiwa binti mdogo, Mwalimu alimwahidi kwamba siku ya harusi yake atakwenda kanisani kwa gari hilo. Sasa harusi ilikuwa imebakiza wiki mbili. Wakwe zetu watarajiwa, watu wa Tukuyu wenye uwezo wao, walikwisha kutuambia kwamba gari letu likisumbua, wao wataleta lao jipya. Walisema kwa upole kabisa, lakini Mwalimu hakulala vizuri tangu siku ile.

Akaniachia ufunguo, akaenda Mbeya kutibiwa macho. "Nikirudi nilikute linang'aa," akaniambia. "Dada yako asiende kwake kwa gari la kuazimwa."

Nyumbani kwetu ni Matema, mita chache kutoka ziwani. Nikalisugua gari juujuu tu, nikaziba vioo kwa magazeti, nikaazima mashine ya upepo kwa fundi wa matairi, nikaanza kupuliza rangi uani, mchana kweupe. Sasa, kwetu ukiona moshi umesimama juu ya ziwa, ujue si moshi. Ni wadudu wadogo mno, wasiohesabika, wameinuka kutoka majini. Upepo ukiwaleta nchi kavu, akina mama hutoka na vikapu kuwakamata, wakawakanda na kuwapika kama mikate. Usikunje uso, ni kitoweo kitamu.

Mama Atu, jirani yetu, alipita na kikapu chake. "Ambakisye," akaniita, "wale wanakuja huku. Funika gari lako."

"Mama, mimi ni fundi," nikamjibu bila hata kugeuka. "Upepo unakwenda Malawi."

Haukwenda Malawi. Nilikuwa nimemaliza boneti na milango ya upande mmoja walipotufikia. Walinijaa puani, masikioni, na kwenye rangi mbichi wakatua kama walioalikwa. Rangi ile ya maziwa ikawa kama mchele uliochambuliwa na mvivu. Mama Atu alirudi na kikapu kimejaa, akasimama akalitazama gari, akatikisa kichwa. "Leo gari limekula kabla yetu," akasema.

Hapo ningeuzuia mkono, ningekuwa nimekosea mara moja tu. Lakini kijana akiona aibu hukimbilia kuifunika. Nilichukua kitambaa chenye tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, nikawafuta wadudu, wakaburuzika wakaacha michirizi. Nikapuliza rangi nzito juu yake ili kuwazika. Ile nzito ikashindwa kukaa mlangoni, ikatiririka mpaka chini. Ndipo Tumpe akatoka jikoni. Aliangalia, akasema taratibu, "Basi kaka, nitapanda tu la wakwe."

Afadhali angenitukana.

Kesho yake asubuhi nikapanda gari la Kyela kutafuta kopo jingine la rangi. Duka lilikuwa la Bi Zuhura, mama wa asili ya Tanga, mjane wa fundi aliyepaka magari maisha yake yote. Nikamwamkia, nikaagiza.

"Juzi si ulichukua la kutosha?" akauliza.

"Hili ni la jirani, Bi Zuhura."

Akaushika mkono wangu, akaugeuza kwenye mwanga. Rangi iliyokaukia pale ilikuwa na wadudu sita. "Na hawa nao ni wa jirani?"

Nikainamisha kichwa, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akalirudisha kopo kwenye shelfu.

"Sikuuzii," akasema. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Marehemu mume wangu alikosea magari mengi kuliko uliyowahi kupanda, lakini hakupaka rangi juu ya kosa hata siku moja. Alisubiri likauke. Kisha alilisugua mpaka aone kidole hakigusi kitu, ndipo akapaka. Wewe rudi nyumbani, siku nne usiliguse. Ukimaliza kusugua njoo uchukue rangi. Kopo liko hapa, halitoroki."

Akanipa msasa wa maji na kipande cha kandambili kuukuu. Alinionyesha jinsi ya kuuzungusha msasa kwenye kile kipande, ili mkono usichimbe mashimo kwenye bati. Niliondoka pale nimekasirika kweli. Mama wa dukani anifundishe mimi kazi! Basi, mwenye njaa ya kujua hukubali, mwenye kiburi hukubali akiwa hana pengine pa kwenda.

Siku nne za kungoja zilikuwa ndefu kuliko ile miezi mitatu ya Mbeya. Watu walipita uani wakicheka, na mimi nikakaa. Siku ya tano nikaanza kusugua, maji ya sabuni kwenye ndoo, msasa na kandambili. Nilisugua milango, nikasugua boneti, wadudu mmoja mmoja wakatoka na michirizi yao. Nilifumba macho nikapapasa kwa kidole. Nikihisi kitu, narudia. Siku tatu, vidole vikachubuka. Kisha nikarudi Kyela. Bi Zuhura alitazama vidole vyangu, akaniletea kopo.

Safari hii nilijenga kibanda kwa miti na zile karatasi za plastiki tunazofunikia kokoa, nikaziba kila upande, nikanyunyiza maji chini kuzuia vumbi. Na kabla ya kuwasha mashine nilikwenda kwa Mama Atu, nikamsalimu kwa heshima, nikamwuliza, "Mama, leo ziwa linasemaje?" Akatoka, akalitazama vizuri. "Leo limetulia. Paka." Nikapuliza rangi nyepesi gari zima, nikangoja ishike, nikapuliza tena nyepesi. Mara nne. Nikayabana meno nisizidishe.

Mwalimu alirudi Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, na macho yake mapya. Alilizunguka gari lote. Kisha akasema kwa sauti ya darasani, "Hakuna kazi ya kwanza isiyo na kosa. Nionyeshe ulipokosea."

Sikuficha. Nilimweleza habari za wadudu, tina, ile rangi iliyotiririka, hata uongo wangu dukani kwamba rangi ni ya jirani. Nikainama mlangoni kumwonyesha mahali penyewe, na sikupaona. Nikaenda kwenye boneti, nikaiangalia kwa jua la upande, nikapapasa. Laini tupu. Nililizunguka gari mara mbili nikilitafuta kosa langu mwenyewe, nikalikosa.

Mwalimu alicheka mpaka akashika kiuno. "Ndaga fijo, mwanangu," akasema, na hiyo ni asante ambayo hakuitoa ovyo. "Kesho unaendesha wewe."

Na niliendesha! Kutoka Matema, tukapita Ipinda, mpaka kanisani Kyela mjini, bodaboda mbele zikipiga honi, Tumpe nyuma na shela lake. Bi Zuhura alitoka mlangoni pa duka akapiga vigelegele mpaka wateja wakaogopa. Kanisani, mzee mmoja wa upande wa wakwe alisogea, akauliza gari hili jipya tumelitoa wapi. "Ni la tata, baba yetu," Tumpe akamjibu kwa sauti ya kusikika na wote. "Kaka yangu ndiye aliyelipaka." Nikalia, mwanangu, mbele za watu, na sikuona haya.

Siku hizi nawaona mkifufua magari ya zamani uani kwenu, mkijifunza kwenye simu, na moyo wangu unafurahi. Nanyi mtakosea. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ukikosea, zuia mkono wako kwanza, maana aibu ni mshauri mbaya. Mwambie ukweli anayejua kuliko wewe, hata akiwa na kikapu kichwani. Ngoja kosa likauke, ulisugue mpaka chini, ndipo uanze upya kidogo kidogo. Fanya hivyo kwa gari, na kwa mkeo, na kwa neno ulilomtupia rafiki.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe subira ya kungoja na nguvu ya kusugua, na siku moja akujalie ulitafute kosa lako mbele ya mzazi wako, ulikose.