Kiangazi Baba Alipofunga Lango

Harufu ya vumbi la moto na dawa ya viatu ndiyo iliyojaa nyumbani kwetu Carama kiangazi kile baba alipoacha jeshi. Kila asubuhi aling'arisha viatu ingawa hakuwa na pa kwenda, kisha akalifunga lango la bati kwa kufuli na kuutia ufunguo mfukoni. Mtaa mzima ulikuwa umezoea kumwita Ajida, cheo chake cha jeshini. Sasa walipomwita kwa jina lake hakuitika, kana kwamba wanamwita mtu mwingine. Mimi, mama na mdogo wangu Bosco tulikaa uani tukiwasikia wenzetu wakicheza mpira nje ya ukuta. Majirani walisema karogwa. Mama aliwajibu kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kisha Bosco akashikwa na homa. Kufika adhuhuri alikuwa akiweweseka. Mama alimbeba mgongoni ampeleke zahanati, lakini baba akasimama langoni akisema barabara si salama, ingawa wakati ule Carama hakukuwa na bunduki iliyolia. Mama hakupaza sauti. "Vita iliisha, Baba Aline," alisema, akimwita kwa jina langu. "Huyu ni mutoto yako. Fungua." Baba alitoa ufunguo, lakini kila alipouelekeza kwenye kufuli uliliparuza tu bila kuingia. Nilifungua mimi. Tulipotoka, yeye alibaki palepale, asiweze kuvuka kizingiti.

Bosco alipopata nafuu, mama alimtafuta Deo, aliyetumikia jeshini pamoja na baba na kutoka kabla yake. Deo alikuja alasiri nyingi, wakakaa pamoja uani. Siku moja nikamsikia: "Mi pia nilijifungia. Kutoka jeshi si kazi. Kazi ni kujua we ni nani bila ile nguo." Baba akalia, na mama akatuita jikoni. Haba na haba, Deo akamzoesha kwenda ukumbi wa parokia, ambako waliokuwa askari huambiana yasiyoelezeka nyumbani.

Siku hizi watu husema wazi kwamba askari naye huugua moyo. Wakati ule tulijua uchawi tu. Sasa baba huenda sokoni peke yake na kutaniana na wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mimi nina nyumba yangu mtaa wa Mutanga Sud, mume mpole na watoto wenye kelele. Mezani mimi huchagua kiti kinachotazama mlango, na mmoja wao akichelewa, huisukuma sahani kando hadi aingie. Juzi, sote tukiwa mezani, binti yangu aliniuliza, "Mama, unangoja nani?" Nikainuka, nikaenda kuangalia kama lango limefungwa.