Ekisimasi ya Ephrasia

Katika Buhembe yote, pale Bukoba, hakukuwa na mkono mwepesi wa sindano kama wa Ephrasia, mke wa Gamaliel seremala. Na katika kupima, ukweli usemwe, hakukuwa na mzembe kama yeye. Alikuwa mtu wa kuanza. Kitambaa kikitua magotini pake, uzi ulikuwa umeshapita kwenye tundu la sindano, na mambo ya urefu na upana alimwachia Mungu. Kwa foronya na vitambaa vya meza, Mungu alimvumilia.

Alizaliwa Kimwani, upande wa Muleba, katika nyumba ya Kikatoliki ambako sikukuu ya kuzaliwa Bwana iliitwa Noeli, na hakuna aliyedhani ina jina jingine. Masista ndio waliomfundisha kudarizi. Kisha akaja Gamaliel kutengeneza milango ya ghala la kahawa, akakaa zaidi ya milango ilivyohitaji, na mambo yakawa mambo. Ephrasia akaolewa Buhembe kwa Walutheri, akaingia kanisa la mumewe, na tangu hapo Noeli ikawa Krismasi.

Mtu atasema ni neno tu. Lakini miaka ile, Mwingereza akiwa bado anatawala Tanganyika, Mkatoliki na Mlutheri wa Bukoba waliweza kugawana mkungu wa ndizi na kuteka maji kisima kimoja, ila kila mmoja alijua mlango wake wa kanisa, na jirani aliyebadilisha mlango alitazamwa sana. Kokwijuka, mama yake Gamaliel, hakuwa mkwe mbaya. Alimlea Ephrasia kwenye uzazi, akampikia, akambebea kuni. Lakini akimtaja mbele za watu alisema "yule wa Kimwani", na nyumbani kwa wazazi wa Ephrasia huko Kimwani hakuwahi kukanyaga tangu harusi. Jambo hilo lilimuuma Ephrasia, na zaidi lilimuuma kwa sababu hapakuwa na kosa la kumshtakia.

Basi mwaka mmoja, senene, wale panzi wa kuliwa, wakiwa wamekwisha kuruka na watu wameanza kuulizana habari za nguo za sikukuu, Mama Mchungaji alimpelekea kipande kirefu cha bafta nyeupe. Akamwomba adarizi maneno ya Heri ya Krismasi, yatundikwe mbele kanisani. Akaongeza kwamba usharika unatafuta mwanamke wa kuwafundisha wasichana ushonaji, na wazee wa kanisa wangependa kuiona kazi hii kwanza. Ephrasia aliitaka nafasi hiyo mpaka usingizi ukampaa. Mwalimu wa wasichana wa usharika, nani angemwita tena yule wa Kimwani?

Akaanza, kama kawaida yake. H akaizungushia maua, E akaipa majani ya mbuni, na kila herufi ikawa pana kama mwenye nyumba aliyenyoosha miguu. Alipomaliza YA, aliinua macho akaona kitambaa kilichobaki hakitoshi hata nusu ya Krismasi. Kufumua kungeacha matundu. Kuunga kipande kungekuwa kutia kiraka mbele ya madhabahu. Alikaa chini, kazi magotini, akalia kidogo, kisha akajicheka, kisha akalia tena.

Lilikuwepo neno ambalo lingeenea vizuri kabisa. Noeli. Herufi tano tu, na mkono wake ulilijua tangu utotoni. Lakini yeye, Mkatoliki wa jana, adarizi Noeli mbele ya kanisa la Walutheri? Wangesema mbuzi amerudi kwenye kamba yake. Akaliondoa moyoni.

Siku chache baadaye alikwenda mjini, Miembeni, kununua uzi, na dukani akaona karatasi imebandikwa, imepambwa pamba: X-MAS. Akamuuliza mwenye duka, akajibiwa kwamba hiyo ndiyo Krismasi, Wazungu huiandika hivyo wakiwa na haraka. Ephrasia nusura amkumbatie. Akanunua uzi mwekundu, na ile X akaifanya kubwa kuliko herufi zote.

Jumamosi ya kuelekea sikukuu, wanawake walikuwa kanisani wakitandaza nyasi sakafuni, na wazee wakipanga viti. Ephrasia akakunjua kitambaa. Wanawake wakaguna kwa kupendezwa. Kisha akakaribia Bartholomayo, mzee wa kanisa na mwalimu mstaafu, akavaa miwani, na uso wake ukabadilika.

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioogopesha. Alisema maisha yake yote ya ualimu ameiandika alama hiyo kwa wino mwekundu katika madaftari ya watoto, na maana yake ni moja tu. Sasa jina la Kristo limeondolewa, mahali pake imewekwa alama ya kosa, tena nyekundu, tena na mtu aliyetoka upande ule. Neno la mwisho hakulimaliza, lakini kila mtu alilisikia.

Karugendo, karani wa bomani, akaruka kutetea. Alisema X ni herufi ya Kiyunani, ndiyo inayoanza jina la Kristo, na wasomi wameitumia tangu zamani. Bartholomayo akamjibu kwamba hakuna Myunani anayekunywa maji ya mto Kagera, na bibi zao kijijini wataona kosa, si Kiyunani. Mmoja akasema jina la Bwana halifupishwi kama jina la kampuni. Mwingine akasema Mungu anasikia hata ufupi. Mchungaji alimtazama huyu, akamtazama yule, na ilionekana wazi kwamba angependa kuwa mahali pengine. Ephrasia alisimama kando ya kitambaa chake, na nafasi yake ya ualimu aliiona ikitoka mlangoni.

Ndipo mtu akauliza neno lenyewe linasomwaje. Karugendo akalisoma. Lakini ulimi wa Mhaya haupendi konsonanti zibanane, na lilipopita midomo ya wanawake wawili watatu likawa ekisimasi. Kokwijuka, aliyekuwa ameinama na mzigo wa nyasi, akainuka. Hakujua kusoma, ila masikio yalikuwa mazima. Kwetu Uhayani vitu vingi huanza na eki, kitabu ni ekitabo, ndizi ni ekitoke, na kusima ni kushukuru.

"Ekisima?" akauliza kwa Kihaya. "Kitu cha kushukuria? Basi mnagombania nini? Miaka yote mmenifundisha Krismasi, nikaisema kama kasuku. Leo nimesikia neno lenye maana."

Watu wakacheka, kicheko kizuri, na hata mdomo wa Bartholomayo ukatetereka. Mchungaji akashusha pumzi. Ilibaki jambo moja tu, Ephrasia anyamaze. Lakini mama mkwe alikuwa anamtazama kwa fahari, kwa mara ya kwanza, na fahari ya wizi haikumshuka kooni.

"Mawe, sivyo," akasema, akimwita mama kwa Kihaya. "Si Kihaya. Wala mimi sijui Kiyunani. Kitambaa kilinipungukia, nikaliona neno hilo dukani, nikalitia kwa kuwa ni fupi."

Bartholomayo akamuuliza kama hakupata neno jingine fupi.

"Lilikuwepo. Noeli. Lingeenea."

"Mbona hukuliandika?" akauliza Kokwijuka.

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

Ephrasia alitazama nyasi. "Wewe, Mawe."

Kokwijuka aliweka mzigo chini. Akajifuta mikono, akaenda mpaka kwenye kitambaa, akaigusa ile herufi nyekundu.

"Mwalimu, hii ndiyo alama unayompigia aliyekosa?"

"Ndiyo, waitu," akajibu Bartholomayo kwa heshima ya Kihaya.

"Basi msiifumue. Ni yangu. Mwanangu amekaa kwangu miaka yote hii, na anaogopa kutaja sikukuu kwa jina alilofundishwa na mama yake."

Ephrasia alilisikia neno mwanangu, na machozi hayakungoja ruhusa.

Walipoona mama mzee amejihukumu mwenyewe, kila mtu alikumbuka kwamba ana huruma. Kitambaa kikatundikwa. Bartholomayo alitaka tu aruhusiwe kueleza kabla ya ibada kwamba ile ni herufi ya Kristo, watoto wasije wakajifunza vibaya, na Karugendo akatembea siku nzima kama mtu aliyeshinda kesi. Mama Mchungaji alisema masomo ya wasichana yangeanza Januari, ila la kwanza liwe kupima, na mwalimu Ephrasia naye akae na wanafunzi ajifunze.

Sikukuu ilipopita, Kokwijuka alidai apelekwe Kimwani. Ndani ya basi hakuzungumza na mtu, midomo ikimcheza tu, na Ephrasia akadhani anasali. Klaudia, mama yake Ephrasia, alitoka jikoni akijifuta mikono, akasimama asiamini. Kokwijuka akatua kikapu cha ndizi na buni za kutafuna, akaamkia kwa urefu wote wa desturi. Kisha akatoa lile neno alilokuwa akijifunza njia nzima.

"Heri ya Noeli, waitu," akasema. "Nimechelewa."

Klaudia akamshika mikono yote miwili, akamwambia sikukuu bado haijaisha.