Nilipoliosha Kabati la Kijapani Siku ya Posa

Hadi leo nikiliangalia lile kabati jikoni kwangu Bredäng, huku Uswidi, uso unaniwaka moto, na ninyi mnaotaka kucheka chekeni tu, aibu ile ilinikuta mbele ya wakwe.

Ni kabati kuukuu la jikoni kutoka Japani, mbao nyeusi, sehemu mbili zimepandishwa moja juu ya nyingine bila msumari, na milango yake unaisukuma kando. Nililinunua kwenye duka la mitumba, na muuzaji akaniambia, "Lifute kwa kitambaa kikavu tu." Nikaitikia. Lakini asubuhi ya posa ya mdogo wangu Nadine nililiona lina vumbi la watu nisiowajua, na mimi nimelelewa kwamba mgeni hapokelewi penye vumbi, basi nikapanga ndani bilauri na vikombe vyote, nikafunga, kisha nikalimwagia maji ya moto na sabuni nikalisugua kama sufuria.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikawalea Nadine na mdogo wetu wa kiume, Fabrice, na siku hiyo mimi ndiye niliyekalia kiti cha baba na cha mama. Nilichoogopa ni neno moja: "Hawa hawana mtu."

Wageni wakafika, suti na vitenge, wakakaa. Kwetu Burundi posa haisemwi watu wakiwa na koo kavu, kwa hiyo nikaenda kuchukua bilauri (jikoni na sebuleni kwetu ni chumba kimoja, hakuna pa kujificha), nikasukuma mlango. Wapi! Mbao zilikuwa zimekunywa maji zikavimba.

"Fabrice, njoo unisaidie."

Akasukuma mpaka mishipa ikamtoka. "Dada, *det går inte*," akasema kwa Kiswidi chake, yaani haiwezekani, na wote wakasikia.

Nikakanyaga ukuta nikavuta kwa nguvu zote (mshono wa kwapa ukaachia, prrr), na badala ya mlango kufunguka, sehemu yote ya juu ikaanza kunijia. Eric, mposaji mwenyewe, akaruka akaipokea kwa mgongo, akabaki ameinama, tai inaning'inia.

Mjomba wake akakohoa. "Jamani, huyu kaanza kubeba mizigo ya ukweni hata mke hajapewa!"

Walicheka. Mimi nililia, mbele yao, kamasi na yote, kwa sababu niliona nimewaangusha wadogo zangu siku moja tu niliyohitajika kusimama.

Nadine akainuka. Akamimina kinywaji kwenye sufuria ndogo ya maziwa, akanipa. Nikapiga goti nikampelekea mjomba. Akaipokea kwa mikono miwili, akanywa, akapitisha kwa wenzake, kisha akasimama na kufunga kifungo cha koti.

"Mama," akaniambia, "tumekuja kuomba mtoto wako."

Nadine nimempita miaka sita tu.

Kabati lilikauka, likafunguka lenyewe kama halijafanya kitu. Maji halitayaonja tena mkononi mwangu, na siku Fabrice naye atakapotuletea wakwe, bilauri zitashinda mezani tangu alfajiri.